Zamu Yangu ya Kuomba

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024. Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, ikakoma, ikanyesha tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na kurudi mlangoni kila mara. Mawingu yalikaa chini juu ya Shituru, mtaa wetu hapa Likasi, na moshi wa kiwanda haukujua pa kwenda. Nilivaa sweta, nikaivua, nikaivaa tena.

Nilikuwa chini ya bati la jikoni nikitwanga sombe. Majani ya muhogo unayatwanga mpaka yawe laini, kisha unaacha. Mimi sikuacha. Binti yangu Arlette akatoka na mfuko wa shule mgongoni, akasimama kunitazama.

"Maman, ile sombe ilikufa zamani. Unaipiga ya nini tena?"

"Nenda ku masomo."

"Minaenda. Lakini kinu itatoboka."

Akacheka, akakimbia kwenye mvua. Nikabaki na mchi mkononi. Tangu alfajiri nilikuwa nikijaribu kusali rozari, na kila nilipofika katikati ya Salamu Maria, sentensi nyingine iliingia, ambayo sikufundishwa na padre yeyote: Bwana, umkumbuke Tshimanga, mume wa Fidélie... Nikaikata. Nikaanza Salamu Maria upya. Sentensi ikarudi, ikakaa palepale ilipokuwa imekaa.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuomba darasani. Niliona njia mbili tu. Ya kwanza, nisiende, na nisipokwenda leo sitakwenda tena kamwe, najijua. Ya pili, niende na kuisema sentensi ile mbele ya watu wote.

Lazima nieleze maombi hayo yalivyoanza.

Darasa letu ni la watu wazima. Tunakutana Jumanne na Alhamisi jioni katika ukumbi wa parokia, sisi ambao utoto ulitupita bila shule. Mwalimu wetu, Monsieur Évariste, mchana anafundisha watoto wa shule ya msingi, jioni anatufundisha sisi, na mara nyingine anasahau kwamba tumebadilika. Upande wa madirisha wanakaa watu wa kambi, yaani sisi wa nyumba za kampuni na za reli, karibu wote Wakatoliki. Upande wa mlango wanakaa watu wa machimbo, wanaochimba kwa mikono yao au wanaouza sokoni, na wengi wao ni wa makanisa ya uamsho. Hakuna aliyepanga hivyo. Siku ya kwanza kila mtu alikaa karibu na anayemjua, na siku iliyofuata benchi lilikuwa limekwisha kuwa lake.

Mwanzoni tulichekana sana. Mtu wa upande huu akikosea neno, upande ule ulipiga makofi. Monsieur Évariste akaandika kanuni ubaoni: hapa hakuna kuchekana wala kutukanana. Kisha akaongeza jambo aliloona litatuunganisha: kila kipindi kitafunguliwa kwa maombi, kwa zamu, leo mtu wa madirishani, siku nyingine mtu wa mlangoni. Tulifurahi sote. Kama kuna kitu ambacho pande zote mbili zinakipenda, ni kuomba.

Basi matusi yakahamia kwenye maombi.

Aliyeanza ni papa Casimir, mzee wa reli, ambaye benchi lake liko nyuma ya langu. Alivua kofia, akafunga macho, akasema taratibu kama anayetangaza treni: "Baba Mungu, uwahurumie wenzetu wa mlangoni. Uwape saa, na kama wana saa, uwape macho ya kuitazama, maana wanafika wakati ubao umekwisha kufutwa. Amina." Upande wetu ukaitikia kwa nguvu. Zamu iliyofuata akasimama Arsène, anayebeba abiria kwa pikipiki, kijana mwenye mdomo usiopumzika. Akainua mikono: "Yesu! Tunavunja roho ya majivuno ya wale wanaolala katika nyumba za kampuni na kusema ni zao! Vunja, Bwana! Na ile kofia ya mzee, Bwana, uifue!" Upande wa mlango ukalipuka kwa Amina. Monsieur Évariste alishika chaki yake na kutazama dari. Angefanya nini? Mwalimu hawezi kumwadhibu mtu anayezungumza na Mungu.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Watu walikuja wamebeba maombi yao tayari, wameyanoa nyumbani.

Aliyevuka mstari ni Fidélie peke yake. Anauza samaki wakavu sokoni, ni wa mlangoni kabisa, lakini jioni moja alikuja kukaa na mimi akisema macho yake yanataka dirisha. Akaniita yaya, kama dada yake mkubwa, na tukazoea kurudi nyumbani pamoja. Njiani tulipeana siri. Yeye aliniambia kwamba mume wake Tshimanga amerudi kuchimba katika mgodi wa Shinkolobwe, mahali palipokatazwa, na kwamba yeye hapati usingizi mpaka asikie kikohozi chake mlangoni. Kisha akaongeza, "Na yule mutoto wa papa Casimir njo mulinzi wa ile njia." Kwamba kijana huyo ndiye mlinzi wa njia ya Shinkolobwe tulijua sote, maana papa Casimir hamalizi kipindi bila kumtaja mwanawe na buti zake.

Mimi nilimwambia yangu. Darasani wanadhani ninasoma kuliko wote. Sijui kusoma. Arlette ananisomea somo nyumbani mara moja, mara mbili, na linabaki kichwani mwangu zima. Nimekua nikiitikia litania na novena. Kichwa changu kinashika kila kitu. Darasani ninafungua kitabu, ninatembeza kidole, ninasema. Ingekuwa ni mchezo wa kucheka, kama shirika letu la parokia lisingenichagua nisome somo la kwanza siku tutakapoongoza Misa, mwezi wa Desemba. Hata hilo ningeweza kulikariri. Lakini kusimama mbele ya Kitabu cha Mungu na kujifanya, hilo sikuliweza. "Uniombee," nilimwambia Fidélie.

"Nitakuombea, yaya. Sana."

Jumanne, siku mbili kabla ya Alhamisi ile, ilikuwa zamu yake. Fidélie haombi akisimama mahali pamoja. Alitembea kati ya mabenchi, sauti ikapanda, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kama wengine niliposikia jina langu.

"Bwana, niko na yaya yangu Georgette hapa! Unamujua! Anakamata masomo na kichwa, Bwana, macho haisome! Anafungua kitabu, anasema bongo, uongo tupu! Fungua ile macho, Bwana! Leo! Leo!"

Na kwa mazoea tu, pande zote mbili kwa mara ya kwanza pamoja, watu wakasema: "Amina."

Nafikiri walisikia walichoitikia baada ya kuitikia. Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Kumbe ni radio!" akasema Arsène. "Bandugu, miezi yote tunasikiliza Radio Shituru!"

Wakacheka, hata wa kambi. Papa Casimir alicheka ndani ya kofia yake. Monsieur Évariste akapiga meza. Alikuwa amekasirika kwa ajili yangu, aliamini nimesingiziwa. Akachukua kitabu chake mwenyewe, akafungua ukurasa ambao hatujaufikia bado, akauweka mbele yangu. "Maman Georgette, soma hapa. Bafunge kinywa."

Alitaka kunitetea. Nilitazama ukurasa. Herufi nilizijua moja moja, kama unavyojua nyuso kwenye matanga, lakini pamoja hazikutaka kuniambia aliyekufa ni nani. Kidole changu kilikaa chini ya mstari wa kwanza, kikakaa, kikakaa. Hata Arsène aliacha kucheka.

"Sikuleta miwani," nikasema.

Hakuna mtu Likasi nzima aliyewahi kuniona na miwani.

Hiyo ndiyo Jumanne. Sasa turudi kwenye Alhamisi na mvua yake.

Mume wangu Adolphe alirudi kutoka zamu ya usiku kiwandani, akavua viatu mlangoni, akanikuta nikifagia mahali nilipokwisha kufagia.

"Utafagia mupaka simenti itoke?"

"Kuna vumbi."

"Vumbi, na hii mvua?" Akakaa, akanyoosha miguu. "Georgette, tangu jana unazunguka sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga. Leo unaenda ku masomo ao hauende?"

"Sijui."

"Unaogopa bakucheke?"

"Leo njo minye naomba."

"Ah." Alifikiri huku akikuna goti. "Omba Baba Yetu, ukae. Nani atakugombeza juu ya Baba Yetu?"

Adolphe ni mtu mwema, lakini hakufikiri Baba Yetu inapita wapi. Katikati yake kuna mahali pa kusamehe kama tunavyosamehe, na nilijua mdomo wangu ungefika hapo na kuzama kama lori kwenye tope, mbele ya ubao, mbele ya Fidélie. Nilimwekea maji ya kuoga, nikajitwika beseni la sombe ya kuuza, nikatoka.

Sokoni nilichagua njia ya mbali ili nisipite kwenye samaki. Nilipita kwenye mbogamboga, nikapita kwenye vitambaa, nikageuka, nikajikuta kwenye samaki. Fidélie aliniona kabla sijamwona.

"Yaya! Yaya Georgette! Kuya huku!"

Hakuwa na uso wa mtu aliyekosa. Alikuwa anacheka, mikono ina magamba ya samaki, akanisogezea kigoda.

"Niko na haraka," nikasema.

"Jumanne ulienda mbio, sikukuona tena. Lakini minye sikukuacha. Jana nilikutaja na mu kanisa."

"Ulinitaja?"

"Kwa jina! Pasta akauliza, ule maman ni nani? Nikasema Georgette wa Shituru, bibi ya Adolphe wa usine, wa kiwanda. Yaya, bantu yote bakasimama. Bengine bakalia!"

"Walilia nini?"

"Juu ya macho yako!"

Mwanamke aliyeuza chumvi pembeni yake alinyoosha shingo. "Ni yeye huyu?" Akanishika mkono kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Maman, tunakuombea. Itafunguka tu."

Nikasema asante. Ningesema nini kingine? Nikaondoka haraka mpaka beseni likanipiga shingo. Kanisa zima. Wanaume nisiowajua wamesimama na kulia juu ya uongo wangu, pamoja na jina la mume wangu na kazi yake. Nilitembea bila kuuza, nikapita mahali pangu, nikarudi, nikakaa, nikasimama. Wateja waliniuliza kama sombe ni ya leo, nikawaambia sijui.

Na njiani kurudi nyumbani, ile sentensi ikajimalizia yenyewe. Sikuisukuma. Bwana, umkumbuke Tshimanga, mume wa dada yetu Fidélie, anayeshuka Shinkolobwe mahali palipokatazwa. Umfiche na macho ya walinzi wa njia ile. Amina. Hapakuwa na tusi hata moja. Papa Casimir angeisikia, na kwenye bukari, ugali wa jioni, angemwambia mwanawe mlinzi, na mimi ningekuwa sijafanya kitu ila kumwombea mtu. Niliigeuza huku na huku nikitafuta mahali ilipokosea. Ilikuwa nzuri. Uzuri wake ndio ulionitia hofu, na sikuacha kuirudia.

Kabla ya darasa niliingia kanisani. Nikapiga magoti, nikasimama, nikahamia benchi la mbele, magoti tena. Nilimwambia Mungu: kama hutaki niseme, uzibe kinywa changu. Kisha nikaona haya. Kinywa alikwisha kunipa, na midomo miwili ya kukifunga. Nilikuwa namtuma Yeye afanye kazi yangu. Nikatoka bila kuaga.

Ukumbini wote walikuwa wamefika, hata wa mlangoni wasiojua saa. Walikuja mapema kama watu wanaokuja kuona mechi. Niliketi mahali pangu karibu na dirisha. Fidélie alikuwa amekaa palepale pembeni, akanisogelea, bega kwa bega.

"Radio imewaka?" akauliza Arsène kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana.

"Leo inatangaza kifo ya muntu," akajibu papa Casimir nyuma yangu, na wa kambi wakanguruma kwa furaha. Walijua ni zamu yangu. Walitaka nirudishe pigo kwa ajili yao wote.

Monsieur Évariste alikuja karibu, akainama. "Maman, kama unapenda, leo nitaomba mimi. Unaweza kuruka zamu."

"Siruki, Monsieur."

Nikasimama. Mabenchi yakalia, watu wakasimama, vichwa vikainama. Kupitia dirishani nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Nilifunga macho na kuanza.

"Bwana, tunakushukuru kwa jioni hii. Unamjua mtoto wako aliye hapa pembeni yangu. Unamjua Fidélie..."

Jina lilitoka rahisi sana. Sikuwahi kufungua macho katikati ya maombi tangu nipate komunyo ya kwanza, lakini nilifungua.

Fidélie alikuwa amegeuza viganja vyake juu, mbele ya kifua, kama mtu anayengoja kumiminiwa maji. Uso wake ulikuwa umeinuka na machozi yalikuwa tayari njiani. "Ndiyo, Bwana," alinong'ona. "Ndiyo. Kwa jina." Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa anafurahi. Alikuwa amengoja mtu wa kambi amtaje mbele ya Mungu kama yeye alivyonitaja mimi.

Nyuma yangu nilisikia papa Casimir akikohoa kikohozi chake cha wazee. Ulimi wangu ulikuwa unaigusa ile sentensi. Tshi... Meno yalikwisha kukutana, sauti bado.

Sikuweza. Na pia sikuweza kusema Amina, maana nilikuwa sijaomba kitu. Nilibaki nimesimama na macho wazi, mdomo wazi, na watu wakaanza kuchungulia kupitia vidole.

"Fidélie," nikasema, "unataka nikuombee nini?"

Akafungua macho. "Yaya?"

"Nimekutaja jina. Sasa nikuombee nini? Uniambie weye."

"Ni maombi ao ni interrogation ya polisi?" akasema Arsène.

"Nyamaza kwanza," akasema Monsieur Évariste.

"Uniambie mu sikio," nikamwambia Fidélie.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halijawahi kuulizwa duniani. Kisha akainuka kwa vidole vya miguu, akaweka mdomo kwenye sikio langu. Alinuka samaki na sabuni.

"Omba nijue kusoma mbele ya Noëli," akanong'ona. "Ile ya Tshimanga, acha. Isiseme hapa, yaya, nakuomba. Hapa kuna masikio, hapa ku..."

Akarudi nyuma polepole, akanitazama, akawatazama watu, akanitazama tena. Niliona jambo linamfikia, kama vile unavyoona mtu anayegundua kwamba mlango aliopita alikuwa ameuacha wazi.

"Yaya," akasema. "Ile ya Jumanne."

"Njo ile."

"Lakini uliniambia nikuombee!"

"Nilikuambia."

"Kwetu mugonjwa banamuita jina, banaita na ugonjwa, njo inatoka. Nani anaombea muntu kimya-kimya? Mungu atajuaje ni wa nyumba gani?"

"Anajua," nikasema. Nilitaka kusema zaidi, lakini niliona kwamba hasira niliyoitembeza Likasi nzima ilikuwa imenishuka mpaka kwenye miguu, na miguu ilikuwa imechoka. "Sisi kwetu unamwambia mtu mmoja, na yule mtu anafunga kinywa."

Hakuna aliyekaa. Nilikumbuka kwamba maombi bado yako wazi, nikafunga macho, nikayamalizia. "Bwana, Fidélie anaomba ajue kusoma kabla ya Noeli. Ameniruhusu kusema. Na mimi, Georgette, naomba langu kwa kinywa changu. Waliyoyasikia Jumanne ni kweli. Ninakariri. Nataka kusoma. Amina."

Amina ikachelewa. Watu hawakujua upande gani unaanza. Mwishowe papa Casimir akaisema peke yake, wengine wakafuata ovyo ovyo, kama treni inayounganishwa mabehewa.

Monsieur Évariste hakwenda ubaoni. Alisimama na chaki mkononi akiivunjavunja. "Maman," akasema, "ile ukurasa ya Jumanne. Pardon. Ningekuuliza kwanza."

"Ulitaka kusaidia."

"Bote hapa banataka kusaidia," akasema Arsène, "njo maana tunaumia." Watu wakacheka, naye akainua mkono. "Non, vraiment, kweli. Monsieur, na miye niko na kitu ya kuombewa. Lakini nitaisema mu sikio."

"Mu sikio ya nani?" akauliza papa Casimir.

Arsène akatazama mabenchi ya mlangoni, akatazama yetu. "Ya weye, mzee. Juu masikio yako haisikie muzuri. Siri itakaa."

Kicheko hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha Jumanne, na papa Casimir alimpiga kijana huyo kwa kofia begani, lakini alisogea kwenye benchi akamwachia nafasi. Arsène akaja. Alikaa upande wa madirisha kwa mara ya kwanza na kulalamika kwamba kuna upepo.

Monsieur Évariste akaniuliza kama napenda kujaribu ule ukurasa, leo au siku nyingine yoyote. Nilisema leo, kabla sijapata muda wa kufagia fagia ndani ya kichwa. Fidélie akaweka kidole chake chini ya mstari, changu kikaja nyuma yake. Nilisoma ma. Nilisoma ji. Neno la pili lilinishinda. Fidélie naye lilimshinda. Tukabishana kwa sauti ya chini kama wake wawili juu ya sufuria moja. Nyuma yetu Arsène alijua neno hilo, nilisikia akitweta kwa kulishikilia, lakini hakulitoa mpaka nilipogeuka na kumwomba. Mstari mmoja ulichukua muda ambao kichwa changu kingekariri zaburi nzima. Nilitoka jasho. Hapakuwa na makofi, maana sikufika mwisho wa ukurasa, na mtu mmoja wa mlangoni alikuwa amepiga miayo.

Tulipokaribia kufunga, Fidélie akasimama bila kuitwa. Alikuwa amekaa akisokota ncha ya kitenge tangu tulipoacha kusoma.

"Monsieur, niko na neno. Siyo maombi."

"Sema, maman."

"Mbele ya Mungu na mbele yenu bote, ba camp na ba carrière, ba machimbo. Minye Fidélie sitatia tena jina ya muntu mu maombi kama sijamuuliza yeye kwanza. Na siku ya Mungu, Jumapili, nitasimama kwetu mu kanisa, nitamuambia pasta: ile ya yaya Georgette, hakunituma niseme kwa bantu yote. Alinituma kwa Mungu." Akapangusa pua. "Mumesikia?"

"Tumesikia," wakasema wa mlangoni.

"Na ba camp?"

"Tumesikia, binti," akasema papa Casimir.

Fidélie hakukaa. Akanigeukia, akanivuta mkono. "Na weye utasema nini? Usiniache peke yangu hapa mbele sawa mwizi."

Nikasimama. Sentensi niliyoibeba tangu asubuhi haikuwepo tena. Nilipoitafuta nilipata mahali pake tu. Niliwatazama wote, wa madirishani na wa mlangoni, na Arsène aliyekuwa katikati ya wetu akijifunika koti kwa sababu ya upepo.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," nikasema, "minye Georgette sitasoma tena kitu yenye macho yangu haijasoma. Siku ya shirika letu kuongoza Misa nitaenda mbele ya kitabu. Nikiweza mistari miwili, nitasoma mistari miwili, na kwa ingine nitaita muntu anisaidie, kwa jina yake, kama atakubali."